Alama Iliyotulia

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama huwezi, basi lisome ukiwa peke yako, na lolote utakaloliona humu lisitoke mdomoni mwako: si kwa Bosi, si kwa marubani, si kwa mama yangu. Mimi ni karani tu. Kazi hii niliombewa na Mjomba, na karani anayeandika habari za ofisi nje ya ofisi hana wa kumtetea.

Mvua zimeanza leo. Barabara ya kwenda zahanati za ng'ambo ya vilima imeshakatika, kwa hiyo msimu mzima dawa na wagonjwa watapita kwetu. Kwetu ni uwanja wa changarawe, banda la ndege, ofisi ya vyumba viwili, na ndege mbili ndogo tunazoziita kwa rangi zao. Nyeupe huirusha dada yangu. Njano huirusha rubani tunayemwita Mrefu, kwa sababu akikaa kitini magoti yake hukaribia kidevu. Kwa sasa Njano haina injini. Injini yake imefunguliwa na kutandazwa juu ya meza ya Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye ndiye fundi wetu. Baba alipofariki, Mjomba ndiye aliyetulea.

Kazi yangu ni kusikiliza redio na kuandika. Kipaza sauti siruhusiwi kukigusa. Ni cha Bosi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kibali cha kuzungumza na ndege. Aliniambia siku ya kwanza, na hajahitaji kurudia.

Ijumaa, 7 Machi

Transponda ya Nyeupe imekufa. Dada amekataa kuruka bila hiyo, na Bosi amenuna tangu asubuhi.

Nilimuuliza Dada, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya ofisi, hicho kisanduku kina nini hata arudishe mzigo wa dawa kwa ajili yake. Huwa hana subira na maswali yangu, ila leo alikuwa hana la kufanya. Alisema ni kisanduku kinachojibu. Rada ya uwanja mkubwa ikiuliza wewe ni nani na uko juu kiasi gani, chenyewe kinajibu bila rubani kufungua mdomo. Lakini vilima vyetu vinaikinga rada, haituoni tukiruka chini. Kwa hiyo vya kisasa kama hivi vyetu havingoji kuulizwa. Vinatangaza vyenyewe, kila mara: mimi ni namba fulani, niko hapa, kimo changu ni hiki. Ndani ya ndege ya mwenzako kuna kioo kinachopokea tangazo hilo na kukuchora kama alama. Mkikaribiana, kinalia.

Nikauliza kama kikilia kinamwambia pia aende wapi. Akacheka kidogo. Ndege kubwa, alisema, mitambo yake huongea yenyewe kwa yenyewe, mmoja ukaambiwa upae, mwingine ushuke, ndege zisije zikakwepea upande mmoja. "Sisi wa ndege ndogo tunaambiwa tu kuna mtu. Kukwepa ni shingo yako na macho yako, mdogo wangu."

Mchana Mjomba alitoa kisanduku cha Njano akakipachika kwenye Nyeupe. Namba iliyomo ndani hakuibadilisha, maana kuibadilisha kunataka waya maalumu na kompyuta ya karakana ya mjini. Hakuona shida. Njano haina injini, akasema, nani atakayechanganyikiwa? Kisanduku kibovu kimepelekwa mjini kutengenezwa.

Dada ameruka. Bosi ameacha kununa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kutwa. Hakuna aliyeruka.

Ijumaa, 14 Machi

Ofisini tuna skrini iliyounganishwa na antena ya juu ya bati. Nayo inapokea matangazo ya ndege na kuzichora. Leo Dada alipokuwa ng'ambo, skrini iliandika jina la Njano juu ya alama yake, kwa sababu anaruka na namba ya Njano. Mrefu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Akaangalia jina la ndege yake likivuka vilima, akasema, "Mimi hodari jamani. Naruka huku nakunywa chai."

Tulicheka sote. Hata Bosi.

Alhamisi, 20 Machi

Injini ya Njano imerudi mahali pake kabla ya muda tuliotarajia. Kisanduku kilichopelekwa mjini nacho kimerudi kizima, pamoja na waya na kompyuta ya kuazima. Mjomba ameona ni usumbufu kufungua ndege zote mbili na kubadilishana tena. Kisanduku hiki atakiweka kwenye Njano na kukipa namba ya Njano, kisha Nyeupe ataipa namba yake. Alianza na Njano.

Alasiri upepo uliezua bati la chumba cha Mama. Nilimpigia Mjomba, akaacha alichokuwa akifanya akaenda.

Ijumaa, 21 Machi

Bosi amewarusha wote wawili alfajiri, mvua isije ikawawahi. Mjomba alipofika alikuta banda tupu, akanywa chai yake amesimama. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya bati. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama Mama alilala pakavu.

Jumanne, 25 Machi

Skrini imeanza wazimu. Alama ya Njano ilikuwa juu ya mto. Nikageuka kuchukua kalamu, nikarudi, iko upande wa pili wa vilima. Kisha ikarudi mtoni. Hakuna ndege inayoruka hivyo.

Nilimwambia Bosi. Akasema maji yameingia kwenye antena.

Jumatano, 26 Machi

Mjomba amepanda juu ya bati akaikausha antena, akaifunga nailoni. Aliteremka ameloa mpaka soksi, akaniambia kwa upole kwamba macho ya mtu mwoga huona mengi. Hakusema kwa ubaya. Lakini Mrefu alisikia, na tangu hapo kila akipita dirishani anauliza, "Karani, leo niko wapi na wapi?"

Jumamosi, 29 Machi

Bado inaruka.

Jumatano, 2 Aprili

Nimegundua jambo, sijui lina maana gani. Ndege moja ikiwa angani, alama imetulia. Zikiwa mbili, inaruka. Niliona nimwambie Dada kwanza, maana yeye akinicheka ni wa nyumbani.

Hakucheka, alikuwa amechoka. Tope lilikuwa limemfika magotini. Alisema kioo chake yeye hakina matatizo, tena siku hizi kimetulia kuliko zamani, hakijamlilia hata mara moja. Hata Mrefu hamwoni humo kiooni. Labda wanapishana mbali.

Kisha nikamuuliza swali la kitoto. Kama kioo kinachora kila tangazo kinachopokea, mbona hakimchori yeye mwenyewe na kumlilia kutwa nzima?

"Kinajua namba yetu. Kinakiuliza kisanduku. Kikisikia namba yetu hewani kinajua ni sisi wenyewe, kinanyamaza." Akavua kiatu, akamwaga maji. "La sivyo kingekuwa kama kuku aliyejiona kwenye kioo."

Niliandika maneno hayo kwa sababu yalinifurahisha. Mungu anisamehe, yalinifurahisha tu.

Jumatano, 9 Aprili

Mawingu yameshuka chini kabisa. Mwanya ulio kati ya vilima viwili ndio njia pekee iliyobaki, na hata pale wingu limekaa juu kama kifuniko. Anayekwenda anapita pale, anayerudi anapita pale.

Nyumbani Mama hukaa mlangoni akichambua nafaka. Ndege yoyote ikipita juu husema, "Huyo ni mwanangu." Nimemwambia mara nyingi kwamba nyingine ni Mrefu. Anasema yeye hajui rangi kutoka chini.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Wameruka hivyo hivyo. Kuna mama mjamzito ng'ambo ambaye hali yake si nzuri. Bosi ana roho ngumu lakini si mtu mbaya. Leo nimemwona akifunga mikanda ya machela kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi, 17 Aprili

Niandike polepole.

Dada alikuwa akirudi na yule mama mjamzito na mkunga. Mrefu alikuwa anakwenda, amebeba damu na maji ya mishipani. Bosi alikuwa pamoja nami ofisini. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba niliegemeza sikio kwenye spika.

Skrini ilikuwa inaruka kama kawaida yake. Mashariki ya vilima, magharibi ya vilima, mashariki, magharibi. Nilikuwa nimeshazoea, kama unavyozoea bomba linalovuja. Kisha nikaona mruko umepungua. Alama ilikuwa inaruka hatua fupi, halafu fupi zaidi. Redio ikapiga mluzi mkali, ule unaosikika watu wawili wanapobonyeza vipaza sauti kwa pamoja, na baada ya hapo kimya. Nilijua waliosema ni Dada na Mrefu, maana hapakuwa na wengine angani. Kila mmoja alikuwa ametaja mahali alipo. Kila mmoja alikuwa anazungumza, kwa hiyo hakuna aliyemsikia mwenzake.

Alama ikatulia. Ilikaa katikati ya mwanya, ikitetemeka kidogo tu, kama mshumaa.

Bosi akainama juu ya bega langu. "Unaona? Imepona yenyewe." Akachukua mwavuli akatoka kwenda kuongea na dereva wa gari la wagonjwa.

Nami nikamkumbuka kuku aliyejiona kwenye kioo. Yote yalinijia kwa pamoja, sikuyafikiri. Mjomba alikuwa ameipa Njano namba ya Njano, na Nyeupe hakuigusa, kwa sababu mimi nilimpigia simu ya bati. Ndege zote mbili zilikuwa zinatangaza namba moja. Kioo cha Dada kilikuwa kinamsikia Mrefu na kudhani kinajisikia chenyewe. Kioo cha Mrefu vivyo hivyo. Kwa wiki zote hizo kila mmoja alikuwa amefichwa machoni pa mwenzake na kitu kilichowekwa ili wasifichane. Na skrini yangu haikuwa na wazimu. Ilikuwa inachora ndege mbili kwa jina moja, zamu kwa zamu, na sasa ilikuwa imetulia kwa sababu zilikuwa mahali pamoja.

Nilikishika kipaza sauti. Nilijua kwamba nikiwaambia wote wakwepe, wanaweza kukwepea upande mmoja. Sikulijua jina la redio la Nyeupe, kwa maana ya kwamba nililijua lakini halikuja.

"Dada, panda. Panda sasa hivi. Mrefu, wewe usipande, baki hapo hapo."

Nilisema tena. Mkono wangu ulikuwa umekishika vibaya, nadhani mara ya pili sikubonyeza chochote.

Halafu sauti ya Mrefu, si ile ya utani. Alisema magurudumu yamempita juu. Alisema dirisha lake la mbele limerukiwa na tope la magurudumu hayo.

Dada alikuwa ndani ya wingu, anatafuta njia ya kutoka bila kugonga kilima, na yule mama nyuma yake akilia kwa uchungu. Alipotua alizima injini akabaki ndani mpaka machela ilipoondoka. Nilimfungulia mlango. Aliniangalia kama mtu asiyenijua, akasema, "Sikumwona. Nilikuwa natazama mbele, na sikumwona."

Ijumaa, 18 Aprili

Tope lile Mrefu amekataza lisifutwe. Anapita anasimama mbele ya ndege yake, analitazama, anaondoka. Dirishani kwangu hapiti tena.

Yule mama amejifungua salama. Tumepata habari kwa dereva.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kwa Mjomba bandani. Kabla sijasema neno nilimkuta ndani ya Nyeupe na ule waya. Alikuwa anaipa namba yake. Tulitazamana. Nilimwamkia kwa sababu sikujua la kufanya.

Alimaliza kazi kwanza. Ndipo akaketi kwenye tairi akasema alifahamu tangu aliposikia kwamba ndege zilikutana mwanyani na hakuna kioo kilicholia. Alikuwa amekusudia kuirudia Nyeupe ile Ijumaa, ikamkuta imeruka. Kisha akadhani amekwisha kuifanya. Ndivyo akili inavyofanya, alisema, ukishaifikiria kazi sana inakuambia umeimaliza.

Hakuniomba ninyamaze. Alisema tu, "Leseni yangu ndiyo inayoilisha nyumba ya mama yako na yangu. Unalijua hilo." Nikasema nalijua.

Skrini imetulia. Ndege mbili, alama mbili, majina mawili.

Jumanne, 22 Aprili

Bosi ameandika taarifa yake. Inasema rubani wa Nyeupe aliacha kimo chake bila sababu na kuingia wingu akiwa na mgonjwa. Kuhusu sauti ya redio haisemi kitu, maana ikisema italazimika kueleza karani alikuwa anafanya nini na kipaza sauti na mwenye kibali alikuwa wapi. Amenipa aliyoiandika niipige chapa.

Niliipiga chapa. Nimeandika hapa ili usinione bora kuliko nilivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Dada amesimamishwa mpaka mchunguzi aje.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua. Dada anakaa nyumbani. Anapika, anafua, anapanga vyombo kisha anavipangua. Nilimwambia kwamba kulikuwa na hitilafu kwenye vioo, nikaanza kueleza, akanikatiza. Anadhani namtuliza. Kifaa ni cha kusaidia tu, alisema. Rubani ana macho. Yeye alikuwa na macho na hakuona ndege ya rangi ya njano mbele ya uso wake. "Aliyeniokoa ni wewe, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti ofisini. Nirudi angani kufanya nini?"

Ndege ikapita juu ya nyumba. Mama, aliyekuwa mlangoni, akainua uso akasema, "Huyo ni mwanangu." Dada alikuwa nyuma yake, anasuuza sufuria.

Nimemwogopa Bosi msimu mzima. Leo naona kilichostahili kuogopwa ni hiki: dada yangu kuishi maisha yake yote akiamini macho yake yalimsaliti.

Jumanne, 6 Mei

Mchunguzi amefika. Ni mwanamke mpole, anavaa miwani mbili kwa zamu. Alikagua transponda zote mbili mbele ya Bosi. Namba ni sahihi. Kila kitu ni sahihi. Alipita ofisini kwangu akaniuliza choo kiko wapi. Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwonyesha choo.

Jumatano, 7 Mei

Nilikwenda kwa Mjomba. Sikutaka aipate habari hii kwa mtu mwingine. Nilimweleza kwamba nitamkabidhi mchunguzi daftari langu, kwamba limeandikwa siku kwa siku, na kwamba humo ndani yeye yumo, na bati limo, na simu yangu imo.

Alikuwa ananoa bisibisi ambayo haikuhitaji kunolewa. Aliuliza kama Dada anakula. Nikasema anakula kidogo. Akaendelea kunoa.

"Humo umeniita nani?" aliuliza baadaye. "Fundi?"

Nikasema, "Nimekuita Mjomba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi mpe. Na mwambie nipo, sikimbii. Nitamweleza mwenyewe ni lini waya uliingia kwenye Nyeupe."

Alhamisi, 8 Mei

Bosi ameniambia leo kwamba hahitaji tena karani. Hakutaja sababu, nami sikuuliza. Funguo za ofisi nimeziacha juu ya meza.

Mama mchunguzi, shikamoo. Kwenye ukurasa wa kwanza niliomba lisitoke neno. Sijauchana, ila ombi hilo nimeliondoa. Msomee Bosi. Msomee Mrefu, atakueleza kuhusu tope. Msomee dada yangu mwenyewe, tena yeye kabla ya wote, na usimwachie alisome kimyakimya. Msomee kwa sauti ile siku ya kumi na saba Aprili, kwa maana mimi ananiona mdogo wake na hanisikilizi.

Usinitafute ofisini, wala usipige simu ya pale. Ukitoka uwanjani, fuata ukuta wa kiwanda cha mbao mpaka unapoishia, kisha shika njia ya kushoto yenye mawe. Nyumba yetu utaitambua kwa paa: mabati yote yana kutu isipokuwa moja, jipya. Mlangoni utamkuta mama yangu. Ndege ikipita akisema ni mwanawe, mkubalie. Mwambie unamtaka karani. Nitakuwa chumba cha nyuma, na dirisha nitaliacha wazi, kwa hiyo hata ukiitia barabarani nitakusikia. Niulize lolote. Nitajibu.